UZI: Ferrari ya kunywa ni kongwe kuliko ya kuendesha. Habari za Giulio Ferrari wa Trento

Kaunta Namba 3 (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nimesimama nyuma ya kaunta ya hoteli moja Kiwengwa, Zanzibar, kwa miaka sita, na wageni wetu wengi walikuwa Waitaliano. Wiki yangu ya kwanza alikuja mzee mmoja wa shati la kitani, akaegemea kaunta, akasema: "Una bottiglia di Ferrari." Mimi nilichosikia ni "una" na "Ferrari". Nikasema moyoni, huyu mzee Kiswahili amekijulia wapi, na tayari ananitania. Nikamjibu kwa furaha zote: "Sina mzee wangu, nina baiskeli." Meneja akapita katikati yetu bila kuniangalia, akafungua friji ya chini, akatoa chupa nene ya mvinyo wa mapovu, shingoni imeandikwa FERRARI. Kumbe kwa Kiitaliano alichosema ni "chupa moja ya Ferrari". Nilitamani ardhi ipasuke.

Usiku ule nikiosha glasi nilikuwa najiuliza kampuni ya magari imeanza lini kutengeneza kileo. Jibu ni kwamba haijaanza. Hawa wa chupa walifungua mlango mwaka 1902, wakati huo Enzo Ferrari, yule wa magari, ana miaka minne, hata shule hajaanza. Hakuna undugu wowote. Ferrari kwa Waitaliano ni jina la ukoo lililozagaa kila kona, asili yake ni mfua chuma. Ni sawa na mtu kuitwa Mhunzi.

Tangu siku ile kila mgeni aliyekaa kaunta akaonekana ana muda nilikuwa namchimba. Nilichokusanya na nilichosoma baadaye nakiweka hapa kwa vipande, maana naandika kwa simu. Wasiotumia kileo msikimbie, huu uzi una kilimo kingi kuliko ulevi.

Fundi Bomba

"Nina baiskeli" 😂😂 Mkuu shusha, nimeshakalia ndoo.

Kaunta Namba 3

Twende. Giulio Ferrari alizaliwa mwaka 1879 Calceranica, kijiji kilicho kando ya ziwa katika milima ya Trentino. Ukifungua ramani leo ni kaskazini mwa Italia. Lakini mwaka 1879 Trentino haikuwa Italia, ilikuwa chini ya mfalme wa Austria na Hungaria. Watu wanazungumza Kiitaliano nyumbani, karani wa serikali anamtii mkubwa wake Vienna. Kwa hiyo huyu tunayemwita baba wa mvinyo wa mapovu wa Italia alianzisha biashara yake akiwa raia wa Austria, na Trento, mji mkuu wa Trentino, ikaingia rasmi Italia baada ya Vita vya Kwanza, yeye akiwa mtu mzima wa miaka 40 hivi. Hakuhama hata hatua moja, nchi ndiyo iliyomhamia.

Utawala huo ulimwachia kitu kimoja cha maana: shule. Mwaka 1874 bunge la Tirol, jimbo la Austria lililokuwa na Trentino ndani yake, lilianzisha shule ya kilimo San Michele all'Adige, kilomita chache kaskazini mwa Trento, na hadi leo ipo. Giulio alisoma pale. Halafu akafungasha: Montpellier Ufaransa, Geisenheim Ujerumani, kisha Épernay, mji wa mkoa wa Champagne huko Ufaransa, ambao chini ya barabara zake kuna mahandaki marefu ya chupa za shampeni. Huko hakwenda kama mtalii, alifanya kazi.

Hapo ndipo kichwa chake kilipogeuka. Alipolinganisha alichokiona Champagne na milima ya kwao, aliona vinafanana kwa jambo ambalo wenzake hawakulipa uzito: baridi. Kwao watu walikuwa wanalima mizabibu ya mvinyo wa kawaida wa mezani. Yeye akaona pale panaweza kutoka mvinyo wa mapovu wa kushindana na Mfaransa, mradi upandwe mzabibu unaofaa.

Sheha Mstaafu

Mimi si mnywaji na wala sitakuwa, ila nataka kuelewa. Hayo mapovu yanatoka wapi? Wanapiga gesi kama soda?

Kaunta Namba 3

Swali zuri mzee wangu, na bila hilo uzi wote haueleweki.

Soda inapigwa gesi kutoka nje. Mvinyo wa namna hii unajitengenezea gesi wenyewe. Yeyote aliyewahi kufunga tembo la mnazi kwenye chupa ya maji na kulisafirisha juani kwenye daladala anajua kinachotokea: hamira inakula sukari, inatoa kileo na gesi, chupa inavimba kama chura, na ukifungua umechafua abiria wote. Mapovu ya shampeni ni kitu hichohicho, isipokuwa hapa kimewekewa adabu.

Kwanza unatengeneza mvinyo mweupe wa kawaida, mkavu, yaani usio na utamu, wenye ukali wa kutosha kama wa ndimu. Unautia kwenye chupa nene pamoja na sukari kidogo, kama gramu 24 kwa lita, na hamira. Unafunga. Humo chupani unachachuka mara ya pili, na gesi kwa kuwa haina pa kutokea inazama ndani ya mvinyo. Presha inafika kama mara sita ya hewa ya kawaida. Tairi la gari dogo ni mbili na ushei, kwa hiyo pata picha umekaa juu ya ghala lenye matairi elfu kumi, kila moja limejazwa mara mbili na zaidi ya kiwango chake.

Kazi ya hamira ikiisha, inakufa na kubaki chini kama machicha. Hapa ndipo subira inapoingia, kwa sababu mvinyo unaachwa ulale juu ya hayo machicha kwa miezi au miaka, na ndiyo yanayoupa ile harufu ya mkate uliotoka tanuri. Baadaye chupa zinageuzwa kidogo kidogo, kichwa chini, mpaka uchafu wote ukusanyike shingoni. Shingo inagandishwa, kizibo kinafunguliwa, kipande cha barafu chenye uchafu kinaruka nje chenyewe. Pengo linajazwa mvinyo, mara nyingi na sukari kidogo, halafu kizibo cha gome na waya wake.

Enzi za Giulio kila hatua hapo ilikuwa mkono wa mtu na kila hatua ingeweza kukutia hasara.

Sheha Mstaafu

Nimeelewa sasa. Ahsante. Tembo la mnazi kwenye daladala nimelishuhudia kwa macho yangu, Mungu anisamehe kwa kucheka.

Mzee wa Rekodi

Mleta mada, simulizi tamu lakini tuweke rekodi sawa. Ferrari hakuwa wa kwanza Italia, wala hakuwa karibu na wa kwanza. Carlo Gancia, mzaliwa wa Narzole mkoa wa Piemonte mwaka 1829, alikwenda Reims akajifunza kazi kwa Wafaransa, akarudi, akafungua kampuni na ndugu yake mwaka 1850, na ilipofika 1865 pale Canelli akatoa mvinyo wa kwanza wa Italia uliochachuliwa chupani kwa njia ya Champagne. Hiyo ni miaka 37 kabla ya Ferrari wako kufungua mlango. Mahandaki ya Canelli hadi leo wanayaita makanisa makuu ya chini ya ardhi, na eneo lile lipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2014.

Baba ni Gancia. Ferrari ni mtoto wa kati.

Kaunta Namba 3

Mzee wa Rekodi nilijua utakuja 😄 na tarehe zako zote nazikubali.

Ila tazama Gancia aliweka nini chupani. Alitumia Moscato, zabibu ya kwao, yenye sukari nyingi na harufu kama maua. Alichukua njia ya Wafaransa akaivalisha nguo ya Piemonte, na ile sukari ya asili ilimtesa kwa chupa kupasuka mpaka alipojifunza kuidhibiti. Kilichotoka ni mvinyo mtamu, na ndiyo ukoo wa mvinyo uitwao Asti tunaoujua. Mtamu sana, watu wa harusi wanaupenda. Ni uvumbuzi wa kweli, simnyang'anyi mtu chake.

Ferrari alifanya jambo jingine. Aliuliza: zabibu gani? Akaleta kutoka Ufaransa vipando vya Chardonnay na kuvipanda kwa wingi Trentino wakati ambapo Italia karibu hakuna aliyekuwa akiitambua kama mzabibu wa peke yake. Kwa miongo mingi wakulima waliichanganya na Pinot Bianco, majani yanafanana, wakaviita kwa jina moja. Unajua serikali ya Italia iliiandika lini Chardonnay kwenye daftari rasmi la aina za mizabibu? Mwaka 1978. Giulio alikuwa ameshafariki miaka 13. Yaani maisha yake yote alilima mzabibu ambao kwenye makaratasi ya nchi haupo.

Leo ukitaja mvinyo mkavu wa mapovu wa Italia, wa kukaa miaka chupani, mzabibu unaoongoza ni huo. Ndiyo maana nasema kwa upande huo baba ni yeye. Tukubaliane kwamba mtoto anaweza kuwa na baba na babu.

Mzee wa Rekodi

Baba na babu nakubali. Lakini andika babu kwa herufi kubwa.

Lap ya Mwisho

Kumbe! Mimi mfuatiliaji wa Formula 1. Kuanzia 2021 pale jukwaani madereva walikuwa wanamwagiana chupa imeandikwa Ferrari na mimi nikawa nabishana na shemeji yangu kwamba Ferrari wanapendelewa hata kwenye kinywaji. Ina maana siku zote nilikuwa napigana vita isiyokuwepo?

Kaunta Namba 3

Siku zote mkuu 😂 Ni hawahawa wa Trento. Walikuwa na mkataba wa kinywaji cha jukwaani kuanzia 2021, halafu mwaka 2025 Moët & Chandon wa Ufaransa wakarudi.

Na kwa kuwa umegusa hapo: mtindo wenyewe wa kumwagiana ulianzishwa na Dan Gurney, Mmarekani, aliposhinda mbio za magari za saa 24 za Le Mans mwaka 1967. Alishinda na Ford, na waliomfuata walikuwa ndani ya Ferrari za magari. Shemeji yako mpelekee hiyo.

Mpwani wa Malindi

Hapa kwetu Malindi na Watamu hao Waitaliano tunaishi nao miaka mingi, watoto wa ufuoni wanazungumza Kiitaliano kuliko baadhi ya Waitaliano. Ninavyoona mimi wakikaa jioni wakitazama bahari, wanaagiza Prosecco, mvinyo mwingine wa mapovu wa kwao, tena kwa ndoo. Hiyo Ferrari siioni ila siku ya mwaka mpya au mtu akitimiza miaka hamsini. Sasa mbona mumsifu mtu ambaye watu wake wenyewe hawamnywi kila siku?

Kaunta Namba 3

Mpwani umegusa pale panapouma. Hata Kiwengwa ilikuwa hivyo: Prosecco katoni nzima, Ferrari chupa mbili kwenye friji ya chini.

Ni njia tofauti kabisa. Prosecco haichachuki mara ya pili ndani ya chupa, inachachuka kwenye tangi kubwa lililofungwa. Mwenye wazo hilo ni Federico Martinotti, mkuu wa kituo cha utafiti wa mvinyo cha Asti, ambaye mwaka 1895 alisajili hataza ya kuchachulia kwenye mapipa makubwa ya mbao. Mfaransa Eugène Charmat akaliboresha na kusajili lake mwaka 1907, na kama kawaida ya dunia jina lililosambaa ni la Charmat. Waitaliano wanaojipenda wanasema "njia ya Martinotti".

Tangi linakupa mvinyo kwa wiki kadhaa hadi miezi kadhaa, harufu ya tunda inabaki mbichi, na hugeuzi chupa hata moja. Bei inashuka. Leo Prosecco ya daraja la DOC, yaani jina la eneo linalolindwa na sheria, peke yake inapita chupa milioni 600 kwa mwaka. Kwa hesabu ya chupa Giulio Ferrari amepigwa bao ambalo hata refa hawezi kuhesabu.

Shangazi Mkaguzi

Basi shujaa wa watu ni Martinotti, tumalize. Huyu Ferrari alitengenezea matajiri. Martinotti ndiye aliyefanya mwalimu wa shule huko Treviso naye afungue chupa siku ya kipaimara cha mtoto. Halafu msimsahau Antonio Carpenè, mkemia, aliyepigana upande wa Garibaldi, jemadari wa kuiunganisha Italia, akaanzisha kampuni Conegliano mwaka 1868 na akasaidia kuanzisha shule ya mvinyo palepale mwaka 1876. Shule! Ferrari aliacha shule gani?

Kaunta Namba 3

Shangazi leo umekuja na fimbo.

Nakubali kwamba hakuacha shule. Na kuhusu matajiri, sikatai. Jamaa alitengeneza chupa chache kwa makusudi. Alipofikia uzee wake, baada ya miaka 50 ya kazi, alikuwa anatoa chupa zisizofika 10,000 kwa mwaka. Kuna hoteli hapa pwani zinamaliza bia nyingi kuliko hizo kabla ya Pasaka. Hakukosa soko: alishapata medali ya dhahabu Milan mwaka 1906, miaka minne tu tangu aanze. Alikataa kukua.

Kwangu mimi hiyo ndiyo siri yake na ndiyo kasoro yake. Mtu ambaye hataki chupa mbovu hata moja itoke ndani, hawezi kutoa chupa nyingi kwa mikono yake miwili. Angeishia hapo, tungekuwa tunamsoma kama fundi saa mmoja wa zamani, mzuri lakini hana mwendelezo. Kilichomwokoa ni jambo ambalo halihusu mvinyo kabisa. Narudi, naweka simu kwenye chaji.

Fundi Bomba

Hapo ndipo wanapokatiaga hawa 😤

Bi Mizabibu

Wakati tunasubiri: mimi niko Dodoma, tuna ekari mbili za zabibu za urithi. Je, hapa kwetu inawezekana mvinyo wa mapovu wa kweli, wa chupani? Naulizia kwa dhati, si utani.

Mzee wa Rekodi

Bi Mizabibu, ngoja nijaribu. Mvinyo wa mapovu unataka zabibu zenye ukali na sukari ya kiasi, ndiyo maana wanavuna mapema. Trentino wanapata hilo kwa mwinuko: mashamba yanaanza kama mita 200 na kupanda hadi karibu mita 900, mchana jua, usiku baridi ya mlima, ukali wa zabibu hauyeyuki. Dodoma mna mwinuko wa mita 1,100 hivi, ila mko karibu na ikweta na jua lenu halina huruma. Mnavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mvunaji ana nafasi ya kuchagua msimu.

Mna zabibu gani? Kama ni Makutupora nyekundu sikushauri. Ila Dodoma inalimwa Chenin Blanc, na hiyo ina ukali wa asili hata kwenye joto. Afrika Kusini, chupa yao ya kwanza ya mapovu kwa njia ya Champagne, Kaapse Vonkel ya Simonsig ya mwaka 1971, ilitengenezwa kwa Chenin Blanc. Haikuwa Chardonnay.

Bi Mizabibu

Tuna Makutupora nusu na Chenin nusu. Umenipa kitu cha kufikiria. Ila hizo chupa nene na hiyo miaka ya kusubiri... mkulima wa huku akivuna Jumatatu anataka hela Jumatano, maana zabibu inaoza.

Kaunta Namba 3

Bi Mizabibu, ulichosema ndicho kilichokuwa kinamkabili hata yeye: pesa imelala gizani chini ya ardhi, na wewe unakula nini?

Haya, tumalizie. Mwaka 1952 Giulio ana miaka 73. Hana mtoto wa kumrithi. Kuna waliokuwa wanamtaka awauzie, jina lilishakuwa kubwa. Akamchagua Bruno Lunelli, mwenye duka la mvinyo palepale Trento. Bruno hakuwa na fedha ya kulipa jina kubwa namna ile, ilibidi aingie kwenye madeni. Wateja wake walikuwa wanaiulizia hiyo mivinyo dukani, yeye alikuwa anajua thamani yake kutokana na kuiuza chupa moja moja.

Sasa hapa ndipo ninapomvulia kofia mzee. Aliuza, lakini hakuondoka. Aliendelea kwenda kwenye lile handaki lake, akiangalia chupa, mpaka alipofariki mwaka 1965. Miaka 13 anafanya kazi kwenye nyumba aliyokwisha kuiuza. Na Lunelli alikubali! Wangapi humu mmeuza kiwanja na mwenye zamani bado anakuja kuwaambia mwembe wake unapogolewa vibaya?

Ile familia ndiyo iliyofanya asilolitaka Giulio, yaani kukuza, bila kuharibu alilolitaka. Kizazi cha pili, watoto wa Bruno, wakaingiza kampuni kwenye soko la nchi nzima. Leo kiko kizazi cha tatu na chupa zinahesabiwa kwa mamilioni. Jina la mlangoni wameliacha lilelile. Lunelli wangeweza kuandika lao, hawakuandika.

Sheha Mstaafu

Hili la mrithi nimelipenda kuliko yote. Mzee kumpa mtu baki akamwacha ndugu, si jambo dogo. Na muuza duka kukubali kuwa mwanafunzi kwenye mali yake mwenyewe, nalo si dogo.

Kaunta Namba 3

Kuna kisa kimoja sheha utakipenda. Mtoto wa Bruno, Mauro, yeye ndiye aliyesomea mvinyo. Aliamini Chardonnay ya pale mlimani inaweza kulala miaka mingi kuliko walivyozoea. Ndugu zake wangemwuliza pesa italala mpaka lini. Akaficha. Mavuno ya 1972, kutoka shamba la Maso Pianizza juu ya Trento, aliyaweka pembeni kimyakimya chini ya ardhi, akasubiri miaka, ndipo akawaita ndugu zake waonje. Walipoonja, ubishi ukaisha. Mwaka 1980 ikatoka sokoni ikiitwa Giulio Ferrari Riserva del Fondatore, akiba ya mwanzilishi. Hadi sasa inalala miaka kumi au zaidi kabla ya kutoka.

Niliwahi kuionja. Mgeni alibakiza kidole kimoja kwenye chupa na akanisukumia. Sitawadanganya kwamba niliona malaika. Nilisikia kama mkate wa asubuhi na ndimu na kitu kama asali lakini si tamu, na mapovu madogo madogo yasiyochoma pua. Nilikaa nayo mdomoni mpaka meneja akaniita mara mbili.

Shangazi Mkaguzi

Kwa hiyo tumekubali kwamba aliyeikuza ni Lunelli?

Kaunta Namba 3

Aliyeikuza ni Lunelli, ndiyo. Aliyejua iwe nini ni Giulio.

Tena tazama jirani. Franciacorta, kusini mwa ziwa Iseo mkoa wa Lombardia, leo ndiyo jina la kwanza watu wanalotaja kwa mapovu makavu ya Italia. Nako alikuwepo kijana mmoja mtaalamu wa mvinyo, Franco Ziliani. Mwaka 1955 aliitwa na bwana mmoja wa ukoo wa kale, Guido Berlucchi, pale Borgonato, mvinyo wake mweupe ulikuwa unamsumbua hautulii. Ziliani akamtengenezea, halafu akamtupia swali: vipi tukifanya na wa mapovu, kama wa Wafaransa? Majaribio ya mwanzo yaliharibika. Mwaka 1961 ndiyo zikapatikana chupa 3,000. Daraja la DOC likaja 1967, na 1995 wakapanda DOCG, la juu kabisa, wa kwanza Italia kwa mvinyo wa kuchachulia chupani. Ziliani alifariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90.

Ziliani alipouliza lile swali, Trento walikuwa na miaka zaidi ya 50 ya kulijibu.

Mzee wa Rekodi

Na Canelli miaka 90.

Kaunta Namba 3

Babu amesikika 🙏

Lap ya Mwisho

Swali dogo. Kwa nini wasiandike "shampeni ya Italia" wauze zaidi?

Mzee wa Rekodi

Sheria. Jina Champagne ni la mkoa ule wa Ufaransa na wanalilinda kama mboni ya jicho. Hata maneno "njia ya Champagne" kwenye lebo yalipigwa marufuku Ulaya kuanzia 1994, ndiyo maana Waitaliano wanaandika "metodo classico", yaani njia ya jadi. Trento walipata daraja lao la DOC mwaka 1993, na tangu 2007 wanatumia jina Trentodoc, neno moja. Kiwango cha chini ni miezi 15 juu ya machicha, 24 kama lebo ina mwaka wa mavuno, 36 kwa riserva.

Mpwani wa Malindi

Haya nimeshindwa kwa hoja, si kwa bei. Nitabaki na madafu yangu, ila nikimwona Mtaliano na hiyo chupa nitamwuliza habari za Lunelli nimwone atakavyoshangaa.

Bi Mizabibu

Mzee wa Rekodi, nimeongea na mume wangu. Tutaacha mistari mitatu ya Chenin tuivune mapema msimu wa Agosti, tujaribu chupa ishirini tu. Chupa tupu nene natafuta. Aliye kwenye hoteli anayezitupa aniambie, nitafuata gharama zangu.

Mzee wa Rekodi

Angalia zisiwe na nyufa wala mikwaruzo hata kidogo. Presha ya sita si mchezo. Zifunike na magunia, na usimruhusu mtoto kuingia humo.

Kaunta Namba 3

Bi Mizabibu njoo inboksi. Jamaa yangu bado yuko kwenye ile kaunta, mwaka mpya wanatupa chupa za Ferrari na Prosecco kwa magunia. Chukua zile nzito zaidi.